Manesi wastaafu na familia za askari: tuwafanyie nini pale spitali, zaidi ya picha na kilo mbili za sukari?

BintiWete (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanaukumbi.

Kikundi chetu cha wanawake hapa mtaani Unguja kilianza kwa kibati tu, yaani upatu wa kuchangiana pesa. Mwaka huu tumepata mfadhili, mtoto wa mtaa huu huu anayefanya kazi nje. Baba yake alikuwa askari, mama yake nesi, wote wametangulia mbele ya haki. Sharti lake moja: pesa ziende kwa familia za askari na kwa manesi waliostaafu, na kazi yenyewe ifanyike spitali. Si nyingi, lakini zitakuja kila mwezi.

Wenzangu wengi wanataka tufanye kama wafanyavyo wengine: tununue mchele, sukari na mafuta, tuchapishe bango, tuwapange mabibi mstari mmoja, tupige picha, turudi nyumbani. Mie nimekataa, na tangu siku hiyo naitwa mbishi.

Ninavyoona mie, makundi haya mawili yanahitajiana. Mke wa askari akiuguliwa na mtoto, mara nyingi yuko peke yake. Mume yuko doria baharini, au kambini Bara, au yuko misheni Kongo na simu haishiki. Kadi ya benki kaondoka nayo. Kama ametoka Pemba kwa rufaa ndiyo tabu zaidi: anashuka bandarini Malindi na mtoto begani, mkoba wa nguo na chupa ya chai mkononi, karatasi ya rufaa kaikunja ndani ya sidiria, na hajui spitali aingilie mlango gani.

Upande wa pili yuko nesi aliyestaafu na miaka yake 60. Magoti yanamuuma lakini kichwa kizima. Kutwa yuko barazani, majirani wanapita: "Bibi, hebu nitazamie hichi kidonge." Juzi nimemkuta mmoja ameshika bahasha ya dawa iliyoandikwa 1×3. Mama wa mtoto alikuwa ameelewa kwamba ampe mtoto vitatu kwa mpigo. Bibi akachukua kalamu, akachora jua linachomoza, jua la utosini na mwezi, na chini ya kila mchoro akaweka kiduara kimoja. Basi. Mama akaondoka ameelewa.

Nataka hicho kifanyike spitali penyewe. Meza moja, viti viwili, manesi wastaafu kwa zamu, na wapewe posho wala si sadaka. Kazi yao ni kuwapokea watu, kuwaelekeza na kuwafafanulia, wa mwanzo wakiwa familia za askari.

Semeni. Mbovu na nzuri zote nazipokea.

---

MkaaMalindi

Wazo zuri ila nina swali moja, usinune. Kwa nini askari? Mke wa mvuvi hana tabu? Mke wa mpiga makasia wa Tumbatu hakai peke yake? Ukiweka meza ukaandika "familia za askari", huyo mwengine aliyesimama na mtoto ana homa atakwenda wapi?

---

Kibweni_Mstaafu

Mkaa, mie nimevaa gwanda zaidi ya nusu ya umri wangu, wacha nikujibu.

Mvuvi akipata habari kwamba mtoto mgonjwa, hugeuza ngalawa. Askari hageuzi. Anaomba ruhusa, na ruhusa ina ngazi. Kama yuko misheni ndiyo haipo kabisa mpaka muda wake uishe. Halafu kuna lile lisilosemwa: yeye mwenyewe anaweza asirudi. Desemba 2017 kule Semuliki, Kongo Mashariki, Tanzania ilipoteza askari wasiopungua 14 katika shambulio moja, na humo walikuwemo vijana wa visiwani kwetu. Miezi michache kabla walikuwa wanacheza bao na sisi.

Pia watu wanachanganya. Askari wa JWTZ ni wa Muungano, ana spitali zake za jeshi, ile ya Bububu na Lugalo kule Dar. KMKM, kikosi cha kuzuia magendo baharini, wana yao Kibweni. Lakini JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Mafunzo (magereza), Zimamoto, Valantia, hawa ni idara maalum za SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na familia zao nyingi utazikuta foleni moja na wewe. Na hata hao wenye spitali zao, mgonjwa akizidiwa hupelekwa spitali kuu ya Mnazi Mmoja kama mtu mwengine yeyote. Kwa hiyo meza hiyo ikae Mnazi Mmoja, si kambini. Kambini mke anaogopa kusema tabu zake, atasikia mkubwa wa mumewe.

---

Sukari_Guru

Kwa hiyo kilo mbili za sukari hazipo tena? 😅 Bibi yangu nesi mstaafu, alikuwa ameshazipigia hesabu.

---

MkaaMalindi

> Kibweni_Mstaafu: "Mvuvi hugeuza ngalawa. Askari hageuzi."

Hapo umenishika. Lakini bado nasema meza isimfukuze mtu.

---

SistaWaZamani

Waalaykumu salaam wanangu. Mjukuu wangu ndiye aliyenionesha uzi huu na ndiye anayeniandikia, mie nasema tu.

Nilianza kazi Mnazi Mmoja ingali ikiitwa V.I. Lenin. Nimepita wodi ya wazazi, nimepita majeruhi, nimemaliza nikiwa zahanati ya shamba. Kwa hiyo nnaposema naomba mnisikilize kidogo, maana naona kila mtu anatusemea.

La mwanzo. Binti, wazo lako nimelipenda, lakini kuna mpaka. Nesi ana leseni, na leseni hiyo inatoka Baraza la Wauguzi na Wakunga na inahuishwa. Ukishastaafu ukaacha kuihuisha, wewe si nesi wa kumgusa mgonjwa. Huna ruhusa ya kuchoma sindano, kubadilisha dripu, kufungua faili la mtu wala kusema "acha dawa hii, meza ile". Hata kama unajua kuliko yule mtoto aliyevaa nguo nyeupe leo. Wastaafu wengi tutaingiwa na kishawishi hicho, nakwambia ukweli, mkono unawasha. Mkiiweka meza bila kuliandika hili, wiki ya pili mtafukuzwa, na watakaowafukuza watakuwa na haki.

La pili, ni mengi mno tunayoweza kufanya bila kugusa ngozi ya mtu. Hayo ya jua na mwezi ni moja. Mwengine kaambiwa "njoo na majibu ya damu", yeye hajui maabara iko wapi wala kwamba majibu hayaji yenyewe, lazima uyafuate. Mwengine kaambiwa asile kitu kabla ya operesheni, na shangazi yake kamletea uji, kwa huruma, na operesheni ikaahirishwa. Haya hayahitaji leseni. Yanahitaji mtu mzima aliyekaa kitako, ana subira, na anayezungumza Kipemba na Mpemba na Kimakunduchi na Mmakunduchi.

Na kidonda cha mguu cha mwenye sukari. Kila mwanamke anayetolewa wodini na mume mwenye kidonda hicho angekaa nasi kidogo tu kabla ya kupanda gari. Aoneshwe kunawa mikono mwanzo na mwisho. Maji yachemshwe, yapoe kwenye chombo chenye kifuniko, si beseni la kufulia. Kitambaa cha jana hakirudi leo. Mguu utazamwe kila siku mpaka katikati ya vidole, maana mwenye sukari hasikii maumivu, anaweza kutembea na msumari akidhani ni mchanga. Na ukiona weusi au harufu, usingoje Ijumaa ipite, rudi. Mie nimewaona waliokatwa miguu kwa sababu tu hapakuwa na mtu wa kuyasema haya polepole. Nesi wa zamu ana wagonjwa wodi nzima, polepole ataitoa wapi?

La tatu, la askari. Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama Nungwi ikielekea Pemba, usiku ule hapakuwa na nesi na askari, wote tulikuwa kitu kimoja. KMKM na wavuvi wanaleta watu, sisi tunapokea. Alfajiri nilimuona kijana wa KMKM, mrefu, nguo zinamchuruzika maji ya chumvi, amekaa chini ukutani na mikono yake imekataa kukunjuka. Alikuwa amewavuta watu majini muda mrefu, vidole vimekakamaa. Nikamshika kiganja nikamkunjua kidole kimoja kimoja huku nampa chai ya moto yenye sukari nyingi. Hakusema neno. Maiti zilipopelekwa viwanja vya Maisara zitambuliwe, yeye alikuwa miongoni mwa waliosimama na machela kutwa nzima. Sikumuona mtu akimuuliza baadaye analala vipi. Wala mie sikuulizwa.

Kwa hiyo anayeuliza kwa nini manesi na askari pamoja, mie sioni ajabu yoyote.

---

Chasasa_Boy

Bibi, Mungu akupe umri. Nilikuwa mdogo wakati ule, ami yangu alikuwemo melini. Tulimtambua pale Maisara kwa saa ya mkononi.

---

Mpemba_Birmingham

Naongeza kutoka huku nilipo.

Hapa Birmingham, pembeni ya spitali ya Queen Elizabeth, kuna nyumba inaitwa Fisher House, ilifunguliwa 2013. Askari wa Uingereza akijeruhiwa huletwa spitali hiyo, na watu wake hulala katika nyumba hiyo bure mpaka atoke. Vyumba, jiko la pamoja, sebule. Asili yake Marekani: mume na mke, Zachary na Elizabeth Fisher, waliokuwa matajiri wa majengo New York, walijenga ya kwanza 1990 kando ya spitali ya jeshi la majini Bethesda. Leo kule kwao ziko zaidi ya 90.

Ya zamani zaidi ni SSAFA ya Waingereza, jumuiya ya kuwasaidia askari na familia zao. Mwaka 1885 askari wao wanapelekwa Misri na Sudan, meja mmoja, James Gildea, akaandika barua gazeti la The Times kuomba pesa na watu wa kujitolea ili wake na watoto waliobaki wasiadhirike. Miaka michache mbele wakawa na manesi wao wa kuzitembelea familia za askari majumbani. Yaani huu mchanganyiko wa nesi na familia ya askari una zaidi ya miaka mia, Binti hakuutoa hewani. Na manesi wenyewe wana mfuko wenye jina la Edith Cavell, yule nesi aliyepigwa risasi na Wajerumani Brussels 1915. Unawasaidia manesi na wakunga waliokwama kimaisha, walio kazini na waliostaafu.

Mie ninachokiona huku ni kwamba familia ya mgonjwa ikikosa pa kulala, mgonjwa mwenyewe hapoi. Mke yuko wodini, akili yake iko barabarani. Kwa hiyo kabla ya meza, nyumba.

---

Hesabu_Safi

Kaka wa Birmingham, nyumba unaijua bei yake hapa mjini? Vyumba viwili vya maana karibu na Mnazi Mmoja wanavitaka wenye kupangisha watalii. Hao Fisher walikuwa na majengo New York, sisi tuna kibati.

Tupige hesabu ya meza kwanza. Tuseme nesi mmoja anapewa 5,000 kwa zamu, nauli na chakula cha mchana ndani yake. Wawili kwa siku, siku 22 za kazi: 220,000 kwa mwezi. Ongeza karatasi, kalamu, maji ya kunywa, vocha ya simu ili mke wa askari aweze kumpigia mumewe au kambi yake. Hamfiki 300,000. Hilo kikundi kinaliweza. Nyumba hamuiwezi, na mkijaribu mtaishia kukusanya michango miaka mitatu, mtagombana, na mweka hazina atahamia Dar.

Kwa wanaosema nesi mstaafu ana pencheni, nini tena: ana pencheni, ndiyo. Wale wa zamani wana pencheni ya mshahara wa zamani. Kuna na pencheni jamii ya SMZ kwa kila aliyefika 70, ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kiinua mgongo ndicho kilichomalizia nyumba au kumpeleka mtoto chuo, kimeisha zamani. 5,000 kwa kila zamu, zamu mbili kwa wiki, si utajiri, lakini ni pesa ambayo bibi ameitolea jasho na hamuombi mkwe.

---

Sukari_Guru

Mweka hazina atahamia Dar 😂😂 wallahi naujua mkasa huo.

---

Mama_Abdul

Nimesoma kimya mpaka hapa. Mie ni mjane wa askari. Sitaji kikosi wala mwaka.

Mnazungumza mtoto mgonjwa, sawa. Hebu niwaambie la mjane. Mume akifa, mwanamke anaingia eda, miezi minne na siku kumi, yuko ndani. Na ni miezi hiyo hiyo ambayo ofisi zinataka karatasi. Cheti cha kifo, hati ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya sheha. Mirathi nayo ina njia yake, Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Kila karatasi inataka mtu aende, arudi, aambiwe njoo kesho. Mwanamke hatoki. Anatuma shemeji. Shemeji ana shughuli zake, na mashemeji wengine, Mungu atusitiri, wana hesabu zao.

Aliyenisaidia mie ni nesi. Alikuwa mkunga aliyenizalisha mtoto wa pili, keshastaafu. Alikuja kunipa pole, akaona hali, akakaa. Spitali aliyofia mume wangu ilikuwa imekosea jina lake kwenye karatasi, herufi moja tu, na kwa herufi hiyo kila ofisi ilinirudisha. Yule bibi alijua aende kwa nani katika ofisi ya kumbukumbu, saa ngapi, na aseme nini. Alikwenda yeye. Likarekebishwa. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nimeanza kuuza vyombo.

Kwa hiyo meza hiyo iwe na miguu. Wiki mara moja mabibi wawili wapite kwa wajane walio edani. Mwanamume wa ofisi ya kikosi haingii chumbani kwa mwanamke wa eda, lakini mkunga mzee anaingia, anakaa kitandani, anaulizia mpaka maziwa ya mtoto.

---

SistaWaZamani

Mwanangu Mama Abdul, hilo halikunijia kabisa na nimekuwa mkunga umri wangu wote. Liwekwe. Na makosa ya majina ni maradhi sugu. Mtu kaingia kwa jina la Asha, kadi ya kliniki Mwanaasha, kitambulisho cha Mzanzibari kina jina la babu. Mabibi wa mezani wawe wanauliza tangu mgonjwa anapopokelewa: jina lako kwenye kitambulisho limeandikwaje?

---

Ng'ambo_Yetu

Mtanisamehe. Watu wa magwanda hawajawahi kunitendea wema, na mtaani kwetu kuna wenye makovu. Mie sichangii hata senti.

---

Kibweni_Mstaafu

Ng'ambo, sikulaumu. Lakini mtoto wa miaka minne mwenye degedege hajavaa gwanda.

---

Msimamizi_2

Tumefuta jumbe sita zilizofuata hapa. Uchaguzi una jukwaa lake, nendeni huko. Uzi huu ni wa spitali.

---

Maalim_Mkunazini

Narudi kwenye nyumba ya ndugu yetu wa Birmingham, kwa sababu Hesabu_Safi ameizika mapema.

Zanzibar hatukuanza jana kuwatibu watu kwa mali ya mtu mmoja. Lile jengo la roshani za mbao zilizochongwa pale Mizingani, karibu na bandari ya Malindi, mnaloliita Old Dispensary, lilianzishwa na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, na nia yake ilikuwa spitali ya maskini. Akafa 1891 jengo halijakwisha, mjane wake akaliendeleza. Baadaye likawa zahanati, dawa zinatolewa chini, daktari anaishi juu. Tazameni hapo: mume kafa, mke kakamilisha.

Wakf ndiyo njia yetu. Kuna watu wazima hapa mjini wana nyumba ya urithi, watoto wote wako nje, nyumba imefungwa inaliwa na mchwa. Mmoja tu akiiweka wakf kwa ajili ya wanaouguza wagonjwa kutoka Pemba, basi imeshapatikana nyumba bila ya kibati. Kamisheni inasimamia wakf, hati zinaandikwa, na sharti la mwenye mali linafuatwa. Anaweza hata kusema: chumba kimoja kiwe cha familia za askari, vilivyobaki vya yeyote. Hapo na Mkaa wa Malindi ataridhika.

Si kazi ya mwaka huu. Lakini iandikwe kwenye katiba ya kikundi tangu sasa, ili siku mtu akija na ufunguo asikute mnatazamana.

---

Mpemba_Birmingham

Maalim, ahsante. Nyumba moja kama hiyo naijua, ya upande wa mama. Tuko warithi wengi, lakini nitaanza kuwapigia simu.

---

Hesabu_Safi

Warithi wengi. Haya, mwaka 2050 in shaa Allah.

---

Dakta_Mtarajiwa

Mie mwanafunzi wa udaktari, niko mafunzoni kwenye spitali ya mkoa, siitaji. Nataka kuwaonya kitu kidogo. Meza za namna hii zimewahi kujaribiwa, na kilichoziua ni wafanyakazi kuona kwamba wanachunguzwa. Bibi anakaa, anaona nesi wa zamu amechelewa, anaguna. Mgonjwa akisikia guno la bibi, anakuja juu. Kesho meza imehamishiwa nyuma ya jenereta.

Nendeni kwa Muuguzi Mkuu kabla ya kwenda kwa mkurugenzi. Mkurugenzi atawapa barua, lakini anayeamua kama mtapewa kiti ni yule sista wa wodi. Na muwaulize wao kitu gani kinawachosha. Mie nawajibia: simu za ndugu. Kutwa wodini simu zinaita, "mgonjwa wetu kaamkaje". Mabibi wakilichukua hilo tu, kuwapa ndugu habari ambazo wodi imeruhusu zitolewe, mtapendwa.

---

MkaaMalindi

Swali la kiufundi: na manesi wanaume? Wapo wastaafu wanaume, baba yangu mdogo mmoja wao, wodi ya vichaa Kidongo Chekundu alikuwa yeye. Uzi mzima mabibi mabibi.

---

SistaWaZamani

Wapo, waje. Edani tu hawaendi.

---

BintiWete

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nimekaa jana na wenzangu, nikawasomea maneno ya Mama Abdul na ya Bibi kwenye simu. Aliyekuwa ananiita mbishi ndiye aliyeuliza meza tutainunua wapi.

Tulivyokubaliana mpaka sasa. Meza haifukuzi mtu. Bango halitakuwa na neno askari, litaandikwa "Uliza hapa". Lakini daftari litakuwa na safu ya kuuliza kama mume au baba yuko kikosini, na hao tutawafuata zaidi: simu ya kambini, nauli ya kurudi Pemba kama amekwama, na kutembelewa. Mfadhili nimempigia, amesema hivyo ndivyo mama yake angetaka, basi nimelimaliza.

Mpaka wa leseni tutauandika na kila bibi atatia saini, na kila babu. Hakuna kugusa, hakuna kufungua faili, hakuna kuguna (Dakta, hili nimeliweka kwa maneno yako).

Eda: kila Alkhamis, wawili wawili. Kikosi hakitatupa majina ya wajane hivi hivi, na sawa wasitupe. Tutapitia kwa masheha na kwa wajane wenyewe kwa wenyewe. Mama Abdul, nitakutafuta inbox, usikatae.

Nyumba ya wakf imeingia kwenye katiba kama Maalim alivyosema. Usajili tunaanza kwa Mrajis wiki ijayo, aliyewahi kupita njia hiyo karibuni aniambie wanataka nakala ngapi za katiba, maana kila ninayemuuliza ana idadi yake.

Sukari haipo. Samahani Guru, na bibi yako aje achukue zamu.

Nimebakisha kujua nani anaweza siku gani. Bibi SistaWaZamani, Jumatatu?

---

SistaWaZamani

Jumatatu siwezi, nna kliniki ya presha. Jumanne na Alkhamis nipo. Na hiyo meza msiiweke karibu na dirisha la dawa, foleni itatumeza. Iwekeni pale watu wanaposhukia kwenye magari, penye kivuli. Kiti changu kiwe na mgongo.